Carlo Alberto dalla Chiesa

Carlo Alberto dalla Chiesa (Saluzzo, Piemonte, 27 Septemba 1920 – Palermo, Sisilia, 3 Septemba 1982) alikuwa jenerali wa Carabinieri, jeshi la Italia ambalo hufanya pia kazi ya polisi. Anakumbukwa hasa kwa kuongoza mapambano dhidi ya Brigate Rosse (yaani Brigedi Nyekundu), kundi la kigaidi la mrengo wa kushoto lililoitikisa Italia katika miaka ya 1970. Mwaka 1982 alipelekwa Palermo akiwa prefekti, yaani mwakilishi wa serikali kuu mkoani, ili aikabili Mafia. Aliuawa huko pamoja na mke wake baada ya miezi minne tu.

Jina lake hutajwa mara nyingi panapojadiliwa swali hili: je, nchi ya kidemokrasia inaweza kutumia wanajeshi wake dhidi ya magaidi bila kuziacha sheria zake? Katika maisha yake mna majibu ya kutia moyo, na mna pia matukio ambayo hata watu waliomheshimu hawakuyakubali.

Familia na ujana

Dalla Chiesa alizaliwa katika nyumba ya askari. Familia yake ilikuwa na asili ya Parma, lakini ilihamahama kufuata kazi ya baba, Romano, aliyekuwa afisa wa Carabinieri. Romano alishiriki operesheni dhidi ya Mafia zilizoongozwa na prefekti Cesare Mori huko Sisilia wakati wa ufashisti, na baadaye alipanda hadi kuwa naibu kamanda mkuu wa jeshi hilo. Kaka yake Carlo Alberto, Romolo, naye alifikia cheo cha jenerali.

Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia kijana huyo alitumwa Montenegro akiwa luteni wa jeshi la miguu. Mwaka 1942 alihamia Carabinieri na kupewa kituo cha San Benedetto del Tronto, kwenye pwani ya bahari ya Adria. Tarehe 8 Septemba 1943 Italia ilitangaza kusimamisha vita dhidi ya Mataifa ya Muungano, na Wajerumani wakaiteka sehemu kubwa ya nchi. Maafisa wengi walijikuta bila amri wala uongozi. Dalla Chiesa alikataa kuwasaka wapiganaji wa upinzani kwa niaba ya Wajerumani, akajiunga nao. Baadaye alivuka mstari wa mapigano na kufika upande wa kusini uliokuwa umekombolewa.

Baada ya vita alisoma sheria katika chuo kikuu cha Bari, ambako mmojawapo wa walimu alikuwa Aldo Moro, mtu ambaye miaka 30 baadaye angekuwa kiini cha msiba mkubwa kuliko yote katika historia ya Jamhuri ya Italia. Mwaka 1946, mjini Bari, alimwoa Dora Fabbo, wakazaa watoto watatu: Rita, Nando na Simona.

Carabinieri ni jeshi la namna gani

Ili kuelewa kazi ya dalla Chiesa ni lazima kulifahamu jeshi alilolitumikia. Carabinieri walianzishwa mjini Torino mwaka 1814 na mfalme Vittorio Emanuele I wa Sardegna. Ni wanajeshi kamili: wana vyeo, kambi na nidhamu ya kijeshi, na wako chini ya wizara ya ulinzi. Lakini kwa kazi ya kila siku ya kulinda amani hufuata maelekezo ya wizara ya mambo ya ndani, na wanapochunguza uhalifu huongozwa na mwendesha mashtaka au hakimu. Wana vituo hadi katika vijiji vidogo, hivyo mara nyingi askari anayejua nani amehamia nyumba gani ni wa Carabinieri.

Mpangilio huo ulikuwa na maana kubwa katika miaka ya ugaidi. Italia ilikuwa na wanajeshi waliozoea kupeleka ushahidi mahakamani, kwa hiyo haikuhitaji kuingiza vifaru mitaani. Wanajeshi wa kawaida walitumiwa kwa vizuizi vya barabarani na ulinzi wa majengo, lakini kazi yenyewe ya kuwapata magaidi ilibaki kwa polisi na Carabinieri.

Sisilia mara mbili

Mwaka 1949 kapteni dalla Chiesa alijitolea kwenda Sisilia katika kikosi maalumu cha kupambana na ujambazi, kilichoongozwa na kanali Ugo Luca. Alipewa Corleone, mji mdogo ambao baadaye jina lake lilijulikana dunia nzima kwa sababu mbaya. Huko alichunguza kutoweka kwa Placido Rizzotto, kiongozi wa chama cha wafanyakazi aliyekuwa akiwaongoza wakulima kudai mashamba yaliyolala bila kulimwa, na aliyetekwa tarehe 10 Machi 1948. Dalla Chiesa aliwakamata watu wawili waliokiri kushiriki na kumtaja Luciano Leggio kuwa muuaji. Mbele ya mahakama waliyakana maneno yao, na washtakiwa wote wakaachiwa kwa kukosekana ushahidi wa kutosha. Leggio aliendelea hadi kuwa kiongozi wa Mafia ya Corleone. Mabaki ya Rizzotto yalithibitishwa kwa kipimo cha vinasaba mwaka 2012 tu, na hapo ndipo alipofanyiwa mazishi ya kitaifa.

Aliyeshika nafasi ya Rizzotto katika chama cha wafanyakazi mjini Corleone alikuwa kijana mkomunisti aliyeitwa Pio La Torre. Jina hilo litarudi mwishoni mwa habari hii.

Baada ya vituo mbalimbali, vikiwemo Firenze, Roma na Milano, dalla Chiesa alirudi Sisilia mwaka 1966 akiwa kanali, akaongoza Carabinieri wa Palermo hadi 1973. Mnamo Januari 1968 tetemeko la ardhi liliangusha miji ya bonde la Belice, naye aliongoza askari wake katika uokoaji; mji wa Gibellina ulimpa uraia wa heshima. Miaka iliyofuata mwandishi wa habari Mauro De Mauro alitoweka (1970), na mwendesha mashtaka mkuu wa Palermo, Pietro Scaglione, aliuawa (1971). Kwa kushirikiana na kachero wa polisi Boris Giuliano, dalla Chiesa aliandaa ripoti ya watuhumiwa 114 iliyochora ramani ya familia za Mafia pamoja na ndoa, biashara na urafiki uliozifungamanisha. Namna hiyo ya kufanya kazi, yaani kuandika nani anamjua nani kabla ya kutafuta nani alifyatua risasi, ndiyo aliyoichukua kwenda nayo kaskazini.

Miaka ya risasi

Italia ya wakati huo ilikuwa ikishambuliwa kutoka pande mbili. Tarehe 12 Desemba 1969 bomu lililipuka katika benki kwenye uwanja wa Piazza Fontana, Milano, na kuua watu 17. Lilitegwa na wafuasi wa mrengo mkali wa kulia, lakini polisi walianza kwa kuwashika wasioamini serikali yoyote, na baadaye ilidhihirika kwamba baadhi ya maafisa wa idara za usalama waliupotosha uchunguzi. Tukio hilo liliwafanya vijana wengi wasiiamini dola tena. Hilo halihalalishi yaliyofuata, lakini bila kulijua ni vigumu kuelewa kwa nini Brigate Rosse walipata watu wa kuwaficha.

Kundi hilo lilianzishwa mwaka 1970 na Renato Curcio, mke wake Margherita Cagol na Alberto Franceschini, pamoja na wengine. Mwanzoni walichoma magari ya wasimamizi wa viwanda vya Milano na Torino. Kisha wakaanza kuteka watu, kuwapiga risasi za miguu, na hatimaye kuua. Tarehe 18 Aprili 1974 walimteka hakimu Mario Sossi mjini Genova wakamshikilia zaidi ya mwezi mmoja.

Dalla Chiesa, sasa jenerali, alikuwa amekabidhiwa Carabinieri wa kaskazini-magharibi, makao yao yakiwa Torino. Mwezi Mei 1974 wafungwa wenye silaha waliteka watu katika gereza la Alessandria. Yeye na mwendesha mashtaka mkuu wa Torino waliamua kuingia kwa nguvu. Mateka watano walikufa, pamoja na wafungwa wawili. Tukio hilo ni doa linalotajwa hadi leo na wanaomkosoa, na si bila sababu, kwa kuwa wengi waliona kwamba mazungumzo yalikatizwa mapema mno.

Mwezi huohuo aliunda mjini Torino kikosi maalumu cha kupambana na ugaidi. Kilikuwa kidogo na hakikufanana na jeshi. Askari wake walikuwa vijana waliofuga nywele na ndevu, walivaa kama wanafunzi au vibarua, wakatumia majina ya bandia na kukodi nyumba kama wapangaji wa kawaida. Walisoma kila karatasi iliyosambazwa na Brigate Rosse ili waelewe namna magaidi wanavyofikiri. Walipompata mtu mmoja hawakumkamata mara moja, bali walimfuata kwa majuma hadi awafikishe kwa wa pili na wa tatu. Kila askari alijua sehemu yake tu ya kazi, kama ilivyokuwa kwa magaidi wenyewe.

Matunda yalionekana haraka. Silvano Girotto, aliyewahi kuwa mtawa Mfransisko na kuishi katika harakati za Amerika ya Kusini, alikubali kujipenyeza kwa viongozi wa kundi. Tarehe 8 Septemba 1974 Curcio na Franceschini walikamatwa huko Pinerolo, gari lao likiwa limesimama kwenye kivuko cha reli. Kiongozi mwingine, Mario Moretti, alipata onyo kwa simu, hakufika.

Mwezi Februari 1975 Cagol aliongoza watu wenye silaha wakamtoa mume wake katika gereza la Casale Monferrato. Yeye mwenyewe aliuawa Juni mwaka huo katika mapambano na Carabinieri kwenye nyumba ya shamba alimokuwa amefichwa mfanyabiashara aliyetekwa. Askari mmoja pia alipoteza maisha. Curcio alikamatwa tena Januari 1976. Lakini kabla ya hapo, katikati ya mwaka 1975, kikosi cha Torino kilikuwa kimevunjwa. Serikalini kulikuwa na waliodhani kwamba kundi limekwisha, na wengine hawakupenda kuona afisa mmoja akiwa na watu wake, siri zake na umaarufu wake. Uamuzi huo uligharimu sana. Moretti alilijenga upya kundi likiwa gumu na la kikatili zaidi. Juni 1976 lilimuua mwendesha mashtaka mkuu wa Genova, Francesco Coco, pamoja na walinzi wake wawili, na Aprili 1977 likamuua Fulvio Croce, mwenyekiti wa chama cha mawakili cha Torino, ili kesi ya viongozi wake isiweze kuendelea.

Mwaka 1977 dalla Chiesa alipewa jukumu la kuratibu usalama wa magereza. Wafungwa hatari walikusanywa katika magereza machache yenye ulinzi mkali, mojawapo likiwa kwenye kisiwa cha Asinara. Kutoroka kulipungua sana, ila ukali wa magereza hayo ulilalamikiwa na wengi.

Kutekwa kwa Aldo Moro

Februari 1978 Dora alifariki ghafla kwa ugonjwa wa moyo nyumbani kwao Torino. Jenerali, ambaye kwa miaka mingi alikuwa ameiweka familia yake katika maisha ya kuhamahama na hofu, hakupona kabisa pigo hilo. Shajara aliyoandika baadaye ilielekezwa kwa marehemu mke wake, kana kwamba bado anaongea naye.

Mwezi haukupita, tarehe 16 Machi 1978, Brigate Rosse waliuvamia msafara wa Aldo Moro katika barabara ya Via Fani, Roma, wakawaua walinzi wake wote watano na kumchukua. Moro alikuwa rais wa chama cha Demokrasia ya Kikristo na mtu aliyekuwa akiandaa ushirikiano na chama cha Kikomunisti. Kwa siku 55 maelfu ya polisi na wanajeshi walisimamisha magari na kupekua nyumba bila kumpata. Tarehe 9 Mei mwili wake ulikutwa ndani ya gari dogo aina ya Renault 4 katikati ya Roma.

Kutoka siku hizo kuna habari inayosimuliwa mara nyingi kuhusu dalla Chiesa. Inasemekana kwamba afisa mmoja alipendekeza mfungwa fulani ateswe ili aseme Moro yuko wapi, na jenerali akakataa, kwa hoja kwamba Italia inaweza kustahimili kumpoteza Moro lakini haiwezi kustahimili kuanzisha mateso. Habari hiyo imetumiwa katika vitabu vya sheria na maadili sehemu nyingi za dunia. Uzito wake unaonekana zaidi ikikumbukwa kwamba si kila mtu nchini Italia alishika msimamo huo: baada ya jenerali Mmarekani James Lee Dozier kuokolewa na polisi mjini Padova mwezi Januari 1982, maafisa kadhaa wa polisi walishtakiwa kwa kuwatesa watuhumiwa.

Mamlaka maalumu

Mnamo Agosti 1978 serikali ya Giulio Andreotti ilimwita tena dalla Chiesa na kumkabidhi uratibu wa mapambano dhidi ya ugaidi nchini kote kwa mwaka mmoja, akiwajibika moja kwa moja kwa waziri wa mambo ya ndani, Virginio Rognoni. Alichagua watu wake mwenyewe, wengi wakiwa wale wa Torino. Katika bunge na magazeti palikuwa na wasiwasi: jenerali mmoja, asiyepita katika ngazi za kawaida, akiwa na siri za nchi nzima mkononi. Wasiwasi huo haukuwa wa bure katika nchi ambayo ufashisti ulikuwa umeondoka miaka 33 tu kabla yake. Hata hivyo mipaka ilikuwapo. Muda wake ulikuwa na mwisho, watuhumiwa walifikishwa kwa mahakimu wa kawaida, na kesi zilisikilizwa mbele ya raia walioketi pamoja na majaji. Hakimu Gian Carlo Caselli wa Torino alikuwa mmojawapo wa waliofanya kazi naye kwa karibu.

Mfuko mdogo uliosahauliwa na gaidi ndani ya basi mjini Firenze uliwaongoza wapelelezi hadi mtaa wa Lambrate, Milano. Waliuchunguza mtaa huo taratibu, na tarehe 1 Oktoba 1978 waliingia katika nyumba iliyoko Via Monte Nevoso. Walikamatwa Lauro Azzolini, Franco Bonisoli na wengine, na humo zikapatikana nakala zilizopigwa chapa za maandishi ya Moro akiwa kifungoni. Mwaka 1990, fundi aliyekuwa akiikarabati nyumba hiyohiyo alikuta nyuma ya ubao wa ukutani nakala nyingine nyingi zaidi. Tangu hapo wanahistoria hawajaacha kubishana kwa nini hazikuonekana mara ya kwanza, na kama jenerali alijua zaidi ya aliyoyasema.

Mwezi Desemba 1979 alipewa uongozi wa divisheni ya Pastrengo, Milano, yenye dhamana ya eneo lote la kaskazini. Wakati huo serikali ilitunga sheria iliyompunguzia adhabu gaidi anayejitenga na wenzake na kuisaidia mahakama. Februari 1980 Patrizio Peci, kiongozi wa Brigate Rosse mjini Torino, alikamatwa, na baada ya mazungumzo ambayo jenerali mwenyewe alishiriki, alikubali kusema. Maelezo yake yalifungua milango ya nyumba za maficho katika miji mingi, na makumi ya watu walikamatwa. Kundi lilijibu kwa kumteka ndugu yake, Roberto, na kumuua mwezi Agosti 1981.

Mojawapo ya nyumba hizo ilikuwa Via Fracchia, Genova. Usiku wa tarehe 28 Machi 1980 Carabinieri waliingia na kuwaua magaidi wote wanne waliokuwamo. Askari mmoja alijeruhiwa vibaya. Kama waliokuwamo walipewa nafasi ya kujisalimisha ni jambo ambalo limebaki na utata.

Haitakuwa haki kudhani kwamba kundi lilishindwa na wapelelezi peke yao. Januari 1979 Brigate Rosse walimuua Guido Rossa, mfanyakazi wa kiwanda cha chuma huko Genova na mwanachama wa chama cha wafanyakazi, kwa sababu alimfichua mtu aliyekuwa akisambaza karatasi zao kiwandani. Umati mkubwa wa wafanyakazi ulifurika mazishini. Tangu hapo magaidi walipoteza watu waliodai kuwapigania, na askari kanzu wa dalla Chiesa walianza kupata milango iliyofunguka.

Mwezi Desemba 1981 aliteuliwa naibu kamanda mkuu wa Carabinieri, cheo kilekile alichokuwa nacho baba yake. Afisa wa Carabinieri hakuweza kupanda zaidi, kwa kuwa enzi hizo kamanda mkuu alitoka katika jeshi la nchi kavu. Hata hivyo mwaka huo haukuwa wa furaha tupu. Katika karatasi zilizokamatwa kwa Licio Gelli, mkuu wa P2, chama cha siri cha wakubwa wa siasa, jeshi na fedha, lilikutwa ombi la kujiunga lenye jina lake, na ilimbidi atoe maelezo.

Prefekti wa Palermo

Wakati huohuo Sisilia ilikuwa ikiwaka. Watu wa Corleone, wakiongozwa sasa na Salvatore Riina, walikuwa wakiwamaliza wapinzani wao ndani ya Mafia na kuua pia watumishi wa dola. Boris Giuliano alipigwa risasi mwaka 1979. Mwaka uliofuata aliuawa Piersanti Mattarella, rais wa mkoa wa Sisilia. Serikali ya Giovanni Spadolini iliona kwamba aliyewashinda magaidi ndiye wa kupelekwa, ikamteua dalla Chiesa kuwa prefekti wa Palermo.

Alikubali, lakini aliomba mamlaka ya kuratibu kazi kisiwani kote, kama aliyopewa mwaka 1978. Aliahidiwa. Alimwandikia pia Spadolini kumtahadharisha kuhusu wanasiasa wa Sisilia waliokuwa na uhusiano na Mafia. Tarehe 30 Aprili 1982 Pio La Torre, ambaye sasa alikuwa kiongozi wa Wakomunisti wa Sisilia, aliuawa pamoja na dereva wake Rosario Di Salvo. La Torre alikuwa ameandaa muswada wa kuwanyang'anya wanamafia mali zao. Dalla Chiesa aliingia Palermo siku hiyohiyo.

Cheo cha prefekti ni cha kiraia. Jenerali aliyekuwa na kikosi chake, magari yake na nyumba zake za siri alijikuta ofisini bila askari wa kuamuru. Miezi ilipita na mamlaka aliyoahidiwa hayakufika. Alifanya alichoweza: alitembelea shule kuongea na wanafunzi, alikutana na familia za waathirika wa dawa za kulevya, alifuatilia leseni na zabuni za ujenzi. Wakubwa wa mji walimkwepa. Mwezi Agosti alifanya mahojiano na mwandishi Giorgio Bocca wa gazeti la La Repubblica, akaeleza kwamba Mafia humuua mwenye mamlaka pale mambo mawili yanapokutana: anapokuwa hatari kwao na anapokuwa ameachwa peke yake. Wasomaji wengi waliona baadaye kwamba alikuwa akijieleza mwenyewe.

Tarehe 10 Julai alikuwa amemwoa Emanuela Setti Carraro, muuguzi mwenye umri wa miaka 31.

Kifo chake

Usiku wa Ijumaa, tarehe 3 Septemba 1982, mnamo saa tatu na robo, Emanuela alikuwa kwenye usukani wa gari dogo aina ya A112, mumewe kando yake. Gari halikuwa na kinga ya risasi. Nyuma alifuata mlinzi mmoja tu, askari polisi Domenico Russo. Katika barabara ya Via Isidoro Carini wauaji wakiwa kwenye magari na pikipiki waliwamiminia risasi za Kalashnikov. Mume na mke walikufa palepale. Russo alifariki hospitalini siku 12 baadaye. Familia ilipopata ufunguo wa sefu iliyokuwa katika makazi ya prefekti, ndani hamkuwa na kitu.

Asubuhi yake mtu asiyejulikana alibandika mahali pa mauaji karatasi iliyosema kwamba matumaini ya watu waaminifu wa Palermo yamefia hapo. Kwenye mazishi, katika kanisa la San Domenico, umati uliwazomea mawaziri na kuwarushia sarafu. Rais Sandro Pertini pekee ndiye aliyepokewa kwa heshima. Kardinali Salvatore Pappalardo aliishutumu serikali waziwazi, akiifananisha Palermo na Sagunto, mji wa kale uliotekwa na adui wakati Roma ikiendelea kujadiliana.

Siku tatu baada ya mauaji serikali iliunda cheo cha kamishna mkuu wa kupambana na Mafia, chenye mamlaka yaleyale ambayo dalla Chiesa aliyaomba bila kuyapata, na kumpa mtu mwingine. Tarehe 13 Septemba bunge lilipitisha sheria iitwayo Rognoni-La Torre, iliyofanya uanachama wa Mafia kuwa kosa la jinai na kuruhusu mali za wanamafia kutaifishwa. Sheria hiyo ndiyo msingi wa kesi kubwa iliyosikilizwa Palermo kuanzia Februari 1986 hadi Desemba 1987, ambapo viongozi wa Mafia walihukumiwa kifungo cha maisha, kwa mauaji haya pia. Baadhi ya waliofyatua risasi walihukumiwa mwaka 2002. Familia imeendelea kudai kwamba nyuma ya Mafia palikuwa na wengine waliotaka jenerali aondoke, na majaji wenyewe waliandika kwamba upande huo haujaangazwa vya kutosha.

Kumbukumbu

Dalla Chiesa alitunukiwa, baada ya kufa, nishani ya dhahabu ya ushujaa wa kiraia. Barabara, shule na kambi nyingi nchini Italia zina jina lake. Mwaka 1984 mwongozaji Giuseppe Ferrara alitoa filamu Cento giorni a Palermo kuhusu miezi yake ya mwisho, jenerali akiigizwa na Lino Ventura.

Mwanawe Nando, mtaalamu wa elimu jamii, aliandika mwaka huohuo kitabu Delitto imperfetto kuhusu mauaji ya baba yake na wanasiasa waliomwacha peke yake, kisha akawa mbunge. Rita alijulikana kama mtangazaji wa televisheni kabla naye hajaingia bungeni. Simona ameandika pia kuhusu wazazi wake. Jenerali amezikwa Parma, katika makaburi ya Villetta.